Kinga, kikwembe na njia ya Kabambare

Wengi mmetuuliza kwa nini karatasi ya juma lile lingine ilitoka bila maneno yetu. Hatukuwa wagonjwa. Tulikuwa njiani, juu ya kinga, na magoti yetu mpaka leo yanatukumbusha.

Tulikuwa watano: walimu wawili, mama wawili wanaouza mchele sokoni Kasongo, na mshonaji mmoja. Kutoka Kasongo mpaka Kabambare ni zaidi ya kilomita mia moja. Kila juma tunawaona wanaume wakiishika njia hiyo na mifuko ya mchele na bidoni za mawese, kijiti kimefungwa kwenye usukani na kingine kimesimamishwa nyuma ya kiti ili mkono upate pa kushika wakati wa kusukuma. Sisi mzigo wetu tunaubeba kichwani, ama tunamlipa mwanaume autembeze, na faida inaishia kwake. Siku moja ya likelemba, mwezi wa tano, mwenzetu aliuliza: ni nani aliyesema kinga ni ya mwanaume? Wote kimya. Kisha mshonaji akacheka, akasema: kikwembe ndicho kilichosema.

Na ni kweli. Kinga zetu nyingi zina kile chuma cha katikati, na mwanamke aliyefunga kikwembe hawezi kurusha mguu juu yake bila mtaa mzima kugeuza kichwa. Basi yeye mwenyewe akatushonea dawa: suruali pana, na juu yake kikwembe kilichopasuliwa mbele na nyuma, kinachoanguka vizuri pande mbili. Ukisimama, umevaa kama mama yeyote anayekwenda msibani. Ukipanda, umefunikwa. Upande wa kulia, penye mnyororo, anafunga kamba ndogo juu ya kifundo cha mguu, maana mnyororo haujui kitambaa cha bei ghali.

Watatu kati yetu walijua kuendesha tangu utoto, kwa kuiba kinga za kaka zao. Wawili walijifunza mwezi wa sita, alfajiri, kwenye uwanja wa shule, kabla watu hawajaamka. Kwa mazoezi tulikwenda kwanza Tongoni, kwenye Kasongo ya zamani. Wanafunzi wetu wanajua kwamba mji wa Tippu Tip ulikuwa huko, na kwamba Wabelgiji waliuteka mwezi wa nne wa 1893. Lakini tukiwauliza jina lenyewe lina maana gani, wanatutazama tu. Tongo ni mahali palipohamwa, makao yaliyoachwa nyuma. Kila siku tunalitaja bila kusikia linachosema. Tulikaa chini ya miembe, tukala mihogo na karanga, tukarudi bila kuanguka hata mmoja. Hapo kiburi kikatuingia.

Tulianza safari ya Kabambare mwezi wa saba, shule zikiwa zimefungwa na mvua imekata. Wakati huo matope hayapo, lakini vumbi ni adui mwingine. Kwenye mchanga mwingi gurudumu linazama na usukani unageuka wenyewe kama mbuzi asiyetaka kwenda sokoni. Mama mchuuzi wa mchele, aliyekuwa na mzigo mkubwa kuliko sisi wote, alituonyesha: usibishane nao, shuka mapema, sukuma, panda tena pakiwa pagumu. Sisi walimu tulibishana nao. Mmoja wetu alianguka mara mbili kabla ya saa nne ya asubuhi, na chumvi aliyobeba ikapasuka upande mmoja.

Lakini njia yenyewe, mama zetu! Anayepita juu ya kamyo haioni. Anaona turubai na migongo ya wenzake. Aliye juu ya kinga anasikia kila kitu. Unatoka kwenye majani marefu, mengine yamechomwa na ardhi bado nyeusi, unaingia penye miti, na ghafla baridi inakugusa mikono. Karibu na kila mto msitu unasimama mnene, giza juu, na unasikia maji kabla ya kuyaona. Halafu daraja la magogo. Hapo wote walishuka bila kuambiwa. Kisha mchikichi mmoja, kisha mitatu, kisha mwembe mkubwa, na unajua kijiji kiko karibu. Wazee wetu wanasema miembe na mchele vilikuja na waungwana kutoka pwani, na Kiswahili hiki tunachoandikia kikaja kwa njia hiyohiyo.

Kwa sababu njia hii ni ya zamani sana. Misafara iliyotoka Ujiji ilivuka Tanganyika, ikapita Kabambare, ikaja Kasongo, ikaendelea mpaka Nyangwe kwenye Lualaba. Pembe za ndovu zilikwenda upande ule mwingine, na watu waliofungwa walizibeba. Darasani tunafundisha majina: Tippu Tip, Livingstone, Stanley, Sefu. Kwenye kinga, unapopumua kama mbuzi kwenye mlima, unafikiri habari za wale waliopanda mlima uleule na pembe kichwani na mtoto mgongoni. Majina yao hayamo kitabuni.

Mwenzetu mwalimu alitusimulia habari za Nyangwe tukiwa tumepumzika, na hatukuweza kunyamaza baada yake. Ilikuwa siku ya soko, tarehe 15 mwezi wa saba, 1871. Wanawake wa vijiji vya pande zote mbili za mto walikuwa wamekuja na samaki, mafuta, vyungu, kuku. Livingstone alikuwapo na aliandika aliyoyaona. Watu wa wafanyabiashara wakaanza kupiga bunduki katikati ya soko, watu wakakimbilia mitumbwi, mitumbwi ikajaa na kuzama. Waliokufa walihesabiwa kuwa mamia, na wengi wao walikuwa wanawake. Habari hiyo ilipofika Uingereza ilileta hasira kubwa, na mwaka 1873 soko la watumwa la Zanzibar likafungwa. Mchuuzi wetu wa mchele aliuliza jambo moja tu: na juma lililofuata, soko lilijaa tena? Hatukuwa na jibu. Yeye akasema, lazima lilijaa, watoto hula kila siku.

Vijijini tulipokewa kwa namna mbili. Watoto walikimbia nyuma yetu wakipiga kelele mpaka pumzi ikawaishia. Wanaume wengine walicheka, mmoja akauliza kama waume zetu wamekufa wote kwa siku moja. Wanawake hawakucheka. Walikuja kimya, wakagusa kikwembe kilichopasuliwa, wakakigeuza kuona mshono. Mshonaji wetu alisimama pale kama mwalimu wa darasa. Kijiji kimoja tulichelewa saa nzima kwa sababu ya mishono.

Usiku wa kwanza wawili wetu waliamua kurudi. Mmoja goti lilikuwa limevimba, na mwingine hakutaka arudi peke yake. Hatukuwalaumu, na ninyi msiwalaumu mkikutana nao sokoni. Tukabaki watatu.

Usiku wa pili tulilala kwa mama mzee mmoja aliyetupikia bugali na sombe na kukataa faranga zetu. Hapo mchuuzi wa mchele alitueleza kwa nini hakurudi. Binti yake amemaliza darasa la sita na amefaulu mtihani. Shule ya msingi ya serikali ni bure tangu mwezi wa tisa wa 2019, hiyo tunaishukuru, lakini ya sekondari inalipiwa, na kwao iko mbali, saa mbili kwa miguu kwenda na saa mbili kurudi. Baba hakatai masomo. Anakataa njia. Anasema msichana wa miaka kumi na mitatu hatapita majani marefu alfajiri na jioni, na mwenye binti hawezi kumwambia kwamba ni mpumbavu. Nyumbani kuna kinga. Inalala chini ya mwembe siku tatu au nne kila juma. Lakini ni ya baba, na kinga si ya msichana, itamharibu.

Neno hilo la kuharibu tunalijua wote, tulilisikia kwa mama zetu, tukinong'onezwa. Mama mzee alikuwa akisikiliza akipepeta mchele. Akasema: mimi nimezaa tisa, na kilichoniharibu ni kuni. Akaendelea kupepeta.

Basi mchuuzi alisema: nilitaka nijue mwenyewe kwanza. Nikirudi nimevunjika, baba ana haki. Nikirudi mzima, tutaongea.

Mwalimu mwenzetu alimweleza habari za jimbo la Bihar, kule Uhindi. Mwaka 2006 serikali ya huko ilianza kuwapa wasichana wanaoingia sekondari pesa ya kununua kinga. Waliochunguza baadaye waliona wasichana wanaoingia sekondari wameongezeka karibu theluthi moja, na walioongezeka hasa ni wale wa vijiji vilivyo mbali na shule. Mchuuzi aliuliza kama Uhindi kuna majani marefu. Tulidhani yapo.

Tulifika Kabambare siku ya tatu jioni, weusi kwa vumbi. Kina mama wa huko walitupokea kwa nyimbo, nasi tukauza chumvi iliyobaki na sabuni, tukanunua karanga. Faida? Tuseme ukweli: ukitoa viraka vya mipira, chakula na barieri, ilibaki kidogo. Kwa mzigo wa mtu mmoja mmoja haitoshi kuacha nyumba juma zima. Mkitaka kuifanya kuwa kazi, nendeni wengi, mwe na mtu mmoja anayejua kuziba mpira, na msibebe chumvi kwenye mfuko wa zamani.

Mchuuzi alirudi mzima. Jumapili iliyopita alituita kwake tumsaidie kuongea na baba. Baba alitusikiliza kwa heshima, akatupa viti, akasema: sawa, nitafikiri, lakini mtoto hajui hata kuipanda, atajifunza lini na shule inafunguliwa mwezi wa tisa? Mama akamwita binti ajaribu tu mbele yetu. Mtoto akaichukua kinga chini ya mwembe, akapitisha mguu chini ya kile chuma cha katikati, kama wafanyavyo watoto wafupi, akazunguka mwembe mara mbili, akapiga breki mbele ya baba yake na kuiegemeza ukutani. Hakuna aliyeuliza alijifunza lini. Baba aliitazama kinga muda mrefu. Akasema breki ya nyuma inalegea.

Hajasema ndiyo. Jana tumesikia ameipeleka kwa fundi.

Mafunzo yanaanza Jumamosi hii, saa kumi na moja na nusu alfajiri, uwanja wa shule. Mama na mabinti, njooni na kinga mliyo nayo, hata yenye breki moja. Anayetaka kipimo cha kikwembe aje na kitambaa chake; mshonaji atakuwapo mpaka saa tatu.