Jicho na kibaba
Jumatatu bodaboda iligongana na bajaji kwenye kona ya sokoni. Muuza mihogo akaapa kwamba bajaji ilikuwa ya kijani. Ilikuwa ya bluu, nami nilisaidia kuinyanyua, mdomo wangu ungali na mhogo wake. Mwaka 1974 watafiti Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi 150 filamu ya ajali. Kati ya 50 walioulizwa magari yalikwenda kasi gani “yalipobamizana”, wiki moja baadaye 16 walikumbuka vioo vilivyovunjika. Havikuwapo. Jicho huleta nusu, neno la muulizaji hujaza kibaba. Askari anayeanza na “Alikuja mbio, sivyo?” haandiki ushahidi, anajinukuu mwenyewe. Kufikia jioni, muuza mihogo alikuwa ameshaongeza damu.