Mpaka Umeondolewa Karatasini, Abiria Yungali Mlangoni

Kwa miaka mingi tumewasikia wakubwa wa Afrika ya Mashariki wakitangaza kwamba mipaka imefunguliwa na kwamba raia wetu waweza kwenda watakako. Maneno hayo ni mema, nasi hatuyapingi. Lakini sisi wa Kilwa na pwani ya Lindi, na ndugu zetu wa visiwani ambao ni damu moja nasi, twaupima mkataba kwa jambo moja tu: wamfaa nini abiria asimamapo mbele ya afisa wa uhamiaji katika kiwanja cha ndege?

Pwani hii haikuanza jana kusafiri. Jahazi lilitweka Kilwa likashusha Unguja, Mombasa, Lamu au Ngazija, na msafiri alikuwa mgeni kwa siku mbili, ya tatu akapewa jembe. Mwaka 1886 Mjarumani na Mwingereza wakapiga mistari juu ya ramani, na mwaka 1890 Mjarumani akaitwaa pwani yetu kwa marki milioni 4 alizomlipa Sultani. Ndipo Kilwa na Lindi zikawa upande mmoja na Unguja upande wa pili, na ukoo mmoja ukawa chini ya dola mbili. Hapana aliyewauliza wenye kusafiri.

Zikaja ndege. Mwaka 1946 serikali za Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar ziliunda shirika moja, East African Airways, na ndege zake zilitua hata Lindi. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika, shirika likafa, na Tanzania ikaufunga mpaka wake na Kenya hadi mwaka 1983. Hilo ni somo la kwanza: haki iliyosimama juu ya urafiki wa watawala huanguka siku urafiki ule uangukapo.

Jumuiya ikafufuliwa kwa mkataba wa mwaka 1999, na Itifaki ya Soko la Pamoja ikaanza kazi tarehe 1 Julai 2010. Tusikanushe faida yake: Mtanzania aendaye Nairobi au Kampala halipi viza. Lakini khabari ya kusafiri kwa kitambulisho cha taifa Itifaki iliiacha kwa khiyari ya kila dola. Mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana raia wao wapite kwa vitambulisho, na zikatoa viza moja kwa watalii. Tanzania ikabaki nje. Tunauliza: aliyechagua kubaki nje ni nani, mwananchi au afisi?

Tazameni tena ada za kiwanja. Abiria arukaye kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza huhesabiwa msafiri wa ndani. Arukaye kwenda Mombasa, ambako ni karibu zaidi mno, huhesabiwa msafiri wa nje, na ada yake ni ya nje. Ikiwa soko ni moja, kwa nini mlango uwe wa ugenini?

Na yako makubwa kuliko hayo. Mwaka 2020, wakati wa maradhi ya korona, Kenya iliiacha Tanzania katika orodha ya nchi ambazo abiria wake wangeingia bila karantini, na Tanzania ikazizuia ndege za Kenya Airways tangu tarehe 1 Agosti hadi Septemba. Januari 2024 yakazuka mengine: Kenya iliinyima Air Tanzania ruhusa ya kuchukua mizigo Nairobi kuipeleka nchi ya tatu, na Tanzania ikatangaza kwamba tangu tarehe 22 abiria wa Kenya Airways wasiingie Dar es Salaam. Ugomvi wa mizigo, adhabu ya watu! Mambo yalisuluhishwa kabla ya siku kufika, walhamdulillahi. Lakini wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi, na nyasi hapa ni mwenye tiketi mkononi, mgonjwa mwenye miadi, na mfanyabiashara ambaye mali yake inamngoja.

Ulaya nao waligombana, tena kwa mizinga. Lakini mkataba uliotiwa saini mwaka 1985 katika kijiji cha Schengen ulianza kutumika mwaka 1995, na abiria wa ndege baina ya nchi zile hushukia upande wa safari za ndani, haulizwi na uhamiaji. Bulgaria na Romania zilipoingia, viwanja vya ndege na bandari vilitangulia tarehe 31 Machi 2024, na barabara zikafuata Januari 2025. Hata huko dola yaweza kurudisha ukaguzi, lakini hutakiwa itaje sababu na muda. Haikurupuki.

Nasi wa kusini tuna la ziada. Faida ya mkataba humkuta abiria Dar es Salaam, na wa Kilwa au Lindi sharti kwanza afike huko. Mei 2024 kimbunga Hidaya na mvua zake zilipoikata barabara ya kusini katika wilaya ya Kilwa, watu walikwama na magari yao. Kuondoa mpaka wa Nairobi bila ya kumjengea mtu wa Lindi njia ya kufika uwanjani ni kumfungulia jirani mlango na kumwacha wa nyumbani uani.

Basi madai yetu ni haya. Kitambulisho cha taifa kitoshe kwa safari za Afrika ya Mashariki. Safari hizo zihesabiwe za ndani katika ada zake. Dola zikigombana, abiria aliyekwisha kulipa asizuiwe. Na viwanja vya Kilwa na Lindi vihesabiwe katika mipango, visiwe vya kutajwa wakati wa kura tu.

Ndugu wanachama, waulizeni wajumbe wenu mambo haya manne, na msikubali kujibiwa kwa hotuba. Mkataba ni ahadi, na ahadi ni deni.