Sungura Naye Anahama

Nasema hivi, na wa kununa anune: mtu anayehama nyumba akamwacha mnyama wake uani, au akamtia sufuriani kwa sababu mkokoteni umejaa, huyo asituandikie shairi la upendo.

Hapa Mwanza sisi wapangaji tunahama kama dagaa wanaofuata taa. Leo Kirumba, kesho Mabatini, keshokutwa Buhongwa. Mwenye nyumba akikohoa tu, unafunga godoro kamba. Anataka kodi ya miezi sita mkononi, na juu ya hapo anakusomea masharti: hakuna wageni, hakuna muziki usiku, hakuna mifugo. Mimi nimesomewa hayo kwa ajili ya sungura mmoja mweupe anayeenea kwenye boksi la sabuni. Mzee kaniangalia juu mpaka chini: "Kijana, unahama na kitoweo?" Chumba nikakiacha. Washikaji kijiweni nao wakadakia: mchinje bwana, tupige supu, utanunua mwingine. Aliyeniudhi zaidi ni dalali. Eti naiga Wazungu!

Haya, tuanzie hapo. Wafugaji wa Usukumani walipokosa malisho, walihama na ng'ombe wao, wakawaswaga hadi Rukwa, Usangu na bonde la Kilombero. Nani aliwaambia huo ni uzungu? Mtanijibu kwamba ng'ombe ni mali, sungura ni mchezo. Sawa. Basi semeni wazi kwamba kwenu anayestahili kupakiwa ni mwenye bei tu. Na bibi yenu asiyeweza tena kushika jembe, yeye mtamwacha wapi?

Sasa tazameni ziwani. Kile kisiwa kilicho jirani na Capri Point kilikuwa cha Mzee Saanane Chawandi, mkulima na mvuvi. Mwaka 1964 kikafanywa bustani ya wanyama. Mzee akahama, wanyama wakahamia. Tangu 2013 ni hifadhi ya taifa, na jina bado ni lake. Pale ndipo baadhi ya wanyama walipowekwa kwanza kabla ya kuvushwa kwenda kisiwa cha Rubondo. Na huko Rubondo, kati ya 1966 na 1969, Bernhard Grzimek na shirika lake la Frankfurt walileta sokwe 17 waliokuwa wamefungwa Ulaya, kwenye bustani za wanyama na sarakasi, wakawafungulia msituni. Vizazi vyao viko huko hadi leo. Jamani, sokwe kavushwa bahari na ziwa, wewe unashindwa kumvusha sungura kutoka Kirumba hadi Mabatini?

Msidhani nawapigia makofi wakubwa wale. Watu waliokuwa wakiishi Rubondo nao waliondolewa ili wanyama wapate nafasi. Ziwa letu limeona watu wengi wakihamishwa bila kuulizwa, na hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Mpangaji, kuliko mtu yeyote mjini, ndiye anayepaswa kumwelewa sungura. Wote wawili tunabebwa kwa amri ya mwingine, hatujui tunakopelekwa. Iweje sisi tunaosukumwa kila mwaka tukipata wa kumsukuma, tunamsukuma bila huruma?

Na kazi yenyewe si kubwa. Tafuta boksi, litoboe matundu, mtandikie majani yale yale aliyozoea kulalia. Hama alfajiri, kabla jua halijayachoma mawe ya Mabatini, kwa sababu sungura hatoki jasho kama sisi, na joto humuua upesi. Usimnyanyue kwa masikio. Mshike kifuani na umkinge miguu ya nyuma. Boksi likae mapajani mwako, lisiwekwe chini ya kabati. Ni hivyo tu. Haihitaji ndege wala shirika la Frankfurt.

Nageukia waandishi chipukizi wenzangu. Sungura wa hadithi mnamsifu: mjanja, anamzuga fisi, anamwaibisha simba. Ila sungura wa kweli, ambaye moyo wake unadunda kiganjani mwako, hamna habari naye. Nasoma miswada yenu: machozi ya mapenzi, mwezi juu ya ziwa, mrembo wa Isamilo. Dalali hayumo. Mkokoteni haumo. Mtoto anayelia kwa sababu paka wake kaachwa juu ya ukuta, naye hayumo. Mnaishi kwenye vyumba vya kupanga, halafu mnaandika kama watu waliozaliwa kwenye majumba ya kurithi!

Andikeni kuhama. Andikeni nani alipakiwa, nani aliachwa, na nani aliamua. Na kama kuna mwenye nyumba anayesoma hapa, ajue msimamo wangu: nikikuhesabia kodi ya miezi sita, nimewalipia watu wa nyumbani kwangu wote, pamoja na yule mwenye masikio marefu.