Kufuli Halizuii Mvua

Walimu wengi wa Kisii na Nyamira, shule zinapofungwa, hutia kufuli mlangoni na kwenda zao mioyo imetulia. Kwa maoni yangu, utulivu huo hauna msingi. Kufuli humzuia mwizi. Halizuii mvua wala radi.

Likizo ya Aprili huangukia katikati ya masika, na vilima vyetu hupata mvua nyingi, mara nyingine ya mawe. Mnamo 2024, shule zilizotarajiwa kufunguliwa Aprili 29 zilibaki zimefungwa hadi Mei 13 kwa sababu ya mafuriko. Aliyeiacha nyumba ikivuja alivujiwa majuma mawili zaidi.

Kazi yenyewe ni ya siku moja: kupigilia mabati yaliyolegea, kuchimba mtaro upande wa mlimani, kuchomoa nyaya za televisheni, kuinua vitabu kutoka sakafuni na kumwachia jirani mwaminifu ufunguo. Wanafunzi nao wasiache madaftari bwenini chini ya dirisha bovu. Kiti hununuliwa tena; maandishi ya mwaka mzima yakilowa, hayarudi.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Basi tuuzibe kabla kengele ya kufunga shule haijalia.