Kijiji Kisicho na Shule Hulipa Karo

Asubuhi moja ya baridi kali katika mwaka 1886, mkulima mmoja wa Plymouth, katika jimbo la Vermont huko Marekani, alimpakia mwanawe katika gari la theluji livutwalo na farasi, akampeleka maili 12 hadi Ludlow ili aingie katika shule iitwayo Black River Academy. Garini alikuwamo pia ndama aliyekuwa akipelekwa sokoni Boston. Mvulana yule alikuwa na umri wa miaka 13. Jina lake lilikuwa Calvin Coolidge, naye mwaka 1923 akawa Rais wa Marekani. Habari za ndama hazikuandikwa.

Nyumbani kwao Coolidge hapakuwa na shule ya sekondari, na hiyo ya Ludlow haikuwa ya serikali bali ya wadhamini. Ndivyo yalivyokuwa mambo ya elimu katika sehemu zile. Shule ya Thetford Academy ilianzishwa mwaka 1819, na ile ya St. Johnsbury mwaka 1842 kwa mali ya ndugu watatu wa ukoo wa Fairbanks, waliotajirika kwa kutengeneza mizani ya kupimia mizigo mizito. Baadaye watu walipoona kwamba yafaa umma uwagharimie vijana masomo ya juu, vijiji vingi vilikuwa vidogo mno, na kujenga shule nyingine mahali palipokwisha kuwa na shule nzuri kungekuwa kupoteza fedha bure. Kwa hiyo, tangu mwaka 1869, sheria ya Vermont imeruhusu kijiji kisicho na shule yake kuwalipia watoto karo kwa fedha za kodi, ama katika shule ya umma ya majirani, ama katika shule ya binafsi iliyokubaliwa na serikali. Karo ya shule ya binafsi ikizidi kiasi kilichowekwa, huenda mzazi akatakiwa kuongeza iliyobaki.

Hivyo shule kama ya St. Johnsbury ina sura mbili. Kwa mtoto wa mfugaji wa karibu ni kama shule ya umma, maana mzazi wake haombwi karo. Walakini wenye kuiongoza ni wadhamini ambao hawakuchaguliwa kwa kura za wananchi, na katika mabweni yake hukaa vijana kutoka ng'ambo ambao wazazi wao hulipa fedha nyingi. Mwaka 2017 hata ilifungua tawi katika kisiwa cha Jeju, Korea Kusini!

Ubishi mkubwa ulitokana na kodi. Zamani kila kijiji kilitegemea kodi ya ardhi na nyumba zake chenyewe. Kijiji chenye hoteli za wageni wa kuteleza juu ya theluji kilitoza kodi ndogo na kupata fedha tele. Kijiji cha wafugaji kilitoza kodi nzito na kupata kidogo. Mwezi wa Februari 1997 Mahakama Kuu Kabisa ya Vermont iliamua kwamba jambo hilo halipatani na katiba, na mwaka ule ule ikatungwa sheria ya kugawana mzigo katika jimbo zima. Haki ilitendeka, lakini swali jipya likazuka. Ikiwa karo ya mtoto wa kijiji kimoja inatoka katika mfuko wa wote, mlipa kodi wa upande mwingine wa jimbo anayo sababu ya kuuliza kwa nini fedha yake iende katika shule ambayo yeye hana kura juu ya wakubwa wake. Tena shule ya umma humpokea kila mtoto wa eneo lake, hali ya binafsi ilikuwa na nafasi ya kuchagua.

Dini nayo iliingia. Mwaka 1999 mahakama hiyo ilikizuia kijiji cha Chittenden kulipa karo katika shule ya Kikatoliki. Lakini mwaka 2022 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Maine, jimbo lenye desturi kama hiyo, iliamua kwamba shule haziwezi kunyimwa karo hizo kwa sababu ni za dini.

Vermont ni jimbo dogo; hesabu ya mwaka 2020 ilionyesha watu 643,077 tu. Watoto wamepungua, na kila mtoto anayehamia shule ya binafsi huondoka na karo yake, huku shule ya umma ikibaki na paa lile lile la kutengeneza na walimu wale wale wa kulipwa. Ndiyo sababu sheria ya mwaka 2025 ilipunguza shule za binafsi zinazoweza kupokea fedha za umma. Miongoni mwa masharti yake, angalau robo ya wanafunzi wa shule hiyo walio wakazi wa Vermont wawe wamekuwa wakilipiwa na umma. Lakini sheria hiyo haikuifuta desturi ya mwaka 1869.