Mashine ya kahawa na mama wa saa kumi alfajiri

Vuta kigoda tupige soga. Leo sina habari za nani katoka na nani. Leo nipo jikoni, tena jikoni alfajiri, saa ile ambayo hata jogoo bado anajishauri.

Wenye watoto wa shule hapa Dar wananielewa. Basi la shule halina utani, likipiga honi mara mbili limeondoka. Kwa hiyo mama yupo macho saa kumi na nusu. Soksi moja haionekani, wa pili kalala wima mlangoni, wa tatu ndiyo kwanza kakumbuka kwamba mwalimu kataka boksi tupu la sabuni. Chai ya watoto lazima iwepo. Ya kwako mama? Hiyo utainywa kazini, kama bosi hajakuwahi.

Ndipo inapoingia hii mashine ya kahawa ya kutegesha. Wengi mmeiona madukani Kariakoo mkadhani ni urembo wa kabati. Usiku unaweka maji kwenye tangi lake, karatasi ya kuchujia, kahawa ya unga, unategesha saa, unakwenda zako kulala. Saa ikifika inajiwasha yenyewe. Ndani kuna bomba dogo linalopita kwenye chuma cha moto. Maji yakipata moto yanatoa mapovu ya mvuke, na yale mapovu yanayasukuma maji kupanda juu kidogo kidogo, kisha yanadondokea kwenye kahawa na kuchuruzika hadi kwenye jagi. Hakuna pampu wala nini. Ule mkoromo unaousikia mwishoni kama babu kapitiwa na usingizi ni tangi limekauka, kahawa tayari. Kama dakika kumi hivi, jagi limejaa.

Tena mjue kwamba jambo hili lilianzwa na mama mwenye watoto kama nyinyi. Mwaka 1908, mjini Dresden kule Ujerumani, mama mmoja aitwaye Melitta Bentz alichoshwa na kahawa yenye machicha. Akachukua kopo, akalitoboa matundu chini, akachana karatasi ya kukaushia wino kwenye daftari la shule la mwanawe, akachujia kahawa. Ikatoka safi! Mwaka huohuo akapata hataza na kufungua kampuni na mumewe, na jina la Melitta lipo kwenye maboksi ya karatasi hizo mpaka leo. Mashine za umeme zilikuja baadaye sana: Wigomat ya Wajerumani mwaka 1954, na Wamarekani na Mr. Coffee yao mwaka 1972. Lakini mwanzo ni daftari la mtoto. Sijui kama kule shuleni mtoto alichapwa.

Haya, turudi uswahilini, maana huku mashine hii ina vituko vyake.

Jirani yangu mmoja, mama wa watoto watatu, alitumiwa ya kwake na wifi yake aliyeko Marekani. Furaha usiseme. Kumbe umeme wa kule ni volti 120, wetu ni 230. Kwa bahati fundi aliwahi kuisoma kibandiko chake kabla haijachomekwa, la sivyo ingetoa moshi badala ya kahawa. Ikabidi kununua transfoma, na si ile ndogo ya redio, maana mashine hizi zinakula wati 800 mpaka 1,000. Transfoma lenyewe zito kama tofali.

Kasheshe haikuishia hapo. Siku ya kwanza alitegesha saa nne usiku ili kahawa iwe tayari saa kumi na nusu. Saa kumi na nusu, kimya. Saa kumi na moja, kimya. Watoto wameondoka, basi limeondoka, mashine ndiyo ikaanza kukoroma saa kumi na mbili kasoro dakika kumi na mbili! Akanijia amefura. "Mdogo wangu, wifi yangu kaniletea kimeo."

Nikamwambia, "Dada, si kimeo." Baadhi ya mashine za Marekani saa yake inahesabu mapigo ya umeme. Kule umeme unapiga mara 60 kwa sekunde, huku mara 50, na transfoma halibadilishi hilo. Basi saa ya mashine inachelewa dakika kumi kila lisaa. Kwa usiku mzima piga hesabu mwenyewe. Kwa hiyo dada yangu unayetaka kununua, nunua ya volti 220 mpaka 240, hezi 50, yaishe. Ya kutumiwa mwambie wifi akubadilishie na mafuta ya nywele.

Kituko cha pili ni saa yenyewe. Mashine inahesabu kizungu. Nyumba moja hapa mtaani, mama alimwambia dada wa kazi, "Tegesha saa kumi na nusu," naye akabonyeza 10:30, tena PM. Saa nne na nusu usiku watu wapo kwenye tamthilia, jikoni kahawa inanukia. Yule binti hana kosa, alitegesha alichoambiwa. Saa kumi na nusu alfajiri kwenye mashine ni 4:30 AM. Bandika karatasi ukutani.

Na umeme ukikatika? Hapo nisikudanganye. Mashine nyingi zikikosa umeme zinasahau kila kitu, unakuta saa inamweka 12:00 kama taa ya Krismasi. Zipo zinazokumbuka kwa dakika kadhaa, uliza kabla hujatoa hela. Na uangalie LUKU kabla ya kulala. Kupika jagi moja hakufiki hata robo ya uniti, lakini LUKU ikisoma sifuri haijali robo.

Kuhusu kahawa yenyewe, ile ya kuyeyuka ya kwenye kopo usiiweke kwenye karatasi ya kuchujia, unajisumbua bure, hiyo inataka maji ya moto na kijiko tu. Tafuta ya kusagwa, ya Kilimanjaro au Mbinga kama unapenda laini, ya Bukoba kama unataka ikutikise. Isiwe laini kama ya dele la barazani, karatasi itaziba na jikoni patakuwa bwawa. Lita moja ya maji inataka kama gramu 60. Maziwa usithubutu kumimina kwenye tangi, yataungulia bombani na harufu yake hutaitoa. Tangawizi iliyotwangwa changanya na kahawa kwenye karatasi, ruksa. Ukikuta imeandikwa vikombe 12 usialike ukoo mzima, kikombe chao ni kama mililita 150, chako cha nyumbani kinabeba karibu mara mbili.

Maji yakishakuwa ya kisima, yale ya chumvichumvi, bomba linafanya ukoko na mashine inaanza kuvuta pumzi kama mgonjwa wa pumu. Kila mwezi pitisha siki na maji nusu kwa nusu, kisha maji matupu mara mbili. Na funika vizuri usiku, mende wa Dar wanapenda joto la pale kuliko wewe unavyompenda shemeji.

Jagi la kioo weka mbali na ukingo wa meza, na waya usining'inie. Mtoto mwenye usingizi anashika chochote. Mimi nashauri kahawa ikimaliza kushuka mimina kwenye chupa ya chai, zima mashine. Ikikaa juu ya bamba la moto nusu saa inakuwa chungu kama dawa ya malaria, na hatari inabaki palepale.

Je, itakuongezea usingizi? Haikuongezei. Inakupa zile dakika kumi, ukae chini na kikombe mkononi kabla nyumba haijaamka. Kwa mama ambaye hajakaa tangu jana jioni, si mchezo. Wajawazito msizidishe, Shirika la Afya Duniani linashauri wanaotumia zaidi ya miligramu 300 za kafeini kwa siku wapunguze, na vikombe vikubwa viwili vitatu vya kahawa hii vinakufikisha huko.

Kazi ya kuitegesha mpe baba. Ni maji, vijiko kumi vya kahawa na vitufe vitatu. Akikwambia hajui mambo ya mashine, muulize ni nani kwenye nyumba ile anayejua kutafuta chaneli ya mpira kwenye king'amuzi gizani, bila hata miwani.

Wiki ijayo nitakuwa na wale wanaochemshia mayai kwenye jagi la umeme. Mjiandae.