Uchambuzi Wangu Si Mali ya Programu Yenu

Acheni kutuambia kwamba mnageuza faili. Mnauchinja uchambuzi, mnatukabidhi ngozi, kisha mnataka tushukuru.

Mchezaji wa bakgamoni aliyetoka kwenye mechi ya pointi 7 huingiza kila dadu na kila hatua kwenye programu, halafu anaiachia kompyuta. Mikao migumu, ile ambayo hata mabingwa hubishania, kompyuta huicheza mpaka mwisho, kwa kawaida mara 1,296 kwa dadu tofauti, ndipo wastani useme hatua ipi ilikuwa bora. Mikao ikiwa mingi, hiyo ni kazi ya usiku kucha, na bili ya umeme haendi kuilipa aliyetunga programu. Kunakucha, mwenye mechi anataka kumtumia mwenzake anayetumia programu nyingine. Anajibiwa: hifadhi kama MAT. Basi, kwisha.

MAT ni maandishi matupu, urithi wa Jellyfish, programu ya miaka ya 1990 iliyotungwa na Fredrik Dahl wa Norway. Ifungue popote utaisoma kwa macho yako: «7 point match», chini yake «Game 1», kisha majina na pointi, kisha mistari ya aina hii: «1) 31: 8/5 6/5     42: 8/4 6/4». Kushoto mchezaji wa kwanza, kulia wa pili. Dadu, nukta pacha, kete imetoka wapi na imekwenda wapi. Mimi naipenda MAT. Imedumu kuliko programu iliyoizaa kwa kuwa yeyote anaweza kuisoma. Lakini hamna humo pa kuandika kwamba 8/4 6/4 iliizidi hatua iliyoifuatia kwa ubora, na kwa kiasi gani. Yale majaribio 1,296 hayana pa kukaa. Ukimpelekea mwenzako MAT umempelekea orodha ya hatua, naye awashe kompyuta yake aanze upya kuhesabu kile ambacho wewe ulishakihesabu.

Hata orodha hiyo, jaribu kuandika programu ya kuichanganua uone. Umbizo halina mwenyewe, kila mtunzi analiandika anavyojua. Safu mbili zinatenganishwa na nafasi tupu, si kingine. Mchezaji wa kulia akianza, kushoto panabaki wazi, na kichanganuzi kisichohesabu nafasi hizo kinamvisha wa kwanza hatua ya wa pili. Ubaya ni kwamba hakilalamiki papo hapo. Kete za pande mbili hupangwa sawasawa mwanzoni na kila mchezaji huhesabu nafasi zake 24 kuanzia kwake, kwa hiyo 8/5 6/5 ni halali kwa yeyote. Kosa linasafiri kimyakimya mpaka pale kete inapotakiwa kuondoka mahali ambapo haipo. Hapo ndipo programu inakwama, na wewe unatafuta chanzo kwenye mstari ambao hauna hatia. Ongeza na asiyeweza kusogea: huyu ameandikiwa maneno, yule ameachiwa patupu. Ongeza na mistari ya utangulizi inayoanza kwa nukta mkato, ambayo eXtreme Gammon huiweka juu ya mechi. Kichanganuzi kilichozoea kukuta urefu wa mechi kwenye mstari wa kwanza kinaduwaa mlangoni.

Na faili la .xg lenyewe? eXtreme Gammon, kazi ya Xavier Dufaure de Citres iliyotoka 2009, ndiyo inayoaminiwa mashindanoni, na ubora wake sibishani nao. Ila faili lake ni baiti zilizobanwa, na ukizikunjua unakuta rekodi za baiti 2,560 kila moja, zimepangwa kwa miundo ya lugha ya Pascal. Mtunzi alitoa hadharani maelezo ya mpangilio huo, na kwa hilo anastahili heshima. Lakini kumwonyesha mtu ramani ya ukuta si kumfungulia mlango. Ukitaka uchambuzi utoke, utapewa ukurasa wa kusoma, uzuri wa kutazama, ambao programu nyingine haina la kuufanyia.

«Si mtumie nyote programu moja?» Danganya toto hiyo. Programu hiyo ya kompyuta ni ya Windows, na ni ya kununua. Mwenye Linux aache mashine yake? Na wale waliokusanya mechi zao kwenye Snowie, iliyokuwa mfalme kabla ya huyu, nao waliambiwa hivyohivyo wakati wao.

Wala msiseme haiwezekani. GNU Backgammon ni ya bure, msimbo wake uko wazi, na huhifadhi mechi pamoja na uchambuzi wake katika SGF, maandishi yaliyoanzia kwenye mchezo wa Go. Bakgamoni humo hutambulishwa kwa GM[6]. Huu ndio mchezo ambao mwaka 1979 programu ya Hans Berliner ilimfunga bingwa wa dunia Luigi Villa 7–1 huko Monte Carlo. Ndio mchezo ambao TD-Gammon ya Gerald Tesauro, miaka ya 1990, ilijifundisha yenyewe kwa kucheza dhidi yake yenyewe. Mashine zimejifunza kufikiri, faili bado linashindwa kuvuka!

Na wanaojisifu kwamba vigeuzi vyao huhamisha hata namba, nina neno nao. GNU Backgammon huanza kuhesabu kina cha kuangalia mbele kwenye 0, eXtreme Gammon kwenye 1. Kwa hiyo 2-ply ya kule GNU ni 3-ply ya huku eXtreme Gammon. Makosa ya mchezaji nayo, kule wastani huzidishwa kwa 1,000, huku kwa 500. Mchezaji mwenye 5 huku anaweza kujikuta na 10 kule bila kucheza vibaya hata hatua moja, na hapo hatujagusa tofauti ya maamuzi yapi yahesabiwe. Kigeuzi kinachobeba namba na kuacha kipimo chake ni kiongo, hata kama hakijapoteza baiti moja.

Kwa hiyo waandaaji wa mashindano wanaotoa mechi kwa .xg peke yake, watoe na maandishi pembeni. Watunzi wa programu waturuhusu kutoa kila hatua iliyopimwa, thamani yake, kina chake, idadi ya majaribio na jedwali la thamani za mechi lililotumika. Na kigeuzi chochote kinapoacha kitu nyuma, kiandike ndani ya faili lenyewe ni kitu gani kimeachwa.